Ladha ya Shaba

Tabia mbaya ya Horácio Furtado haikuwa kuvuta sigara. Wavutaji mtaani kwao walikuwa tele. Ubaya wake ni kwamba alikuwa akilala nayo. Chakula cha jioni kikishashuka tumboni, hupanda zake ghorofa ya juu, akajibwaga kwenye kochi lake la kuegemea, akawasha televisheni, akawasha sigara, akapiga pafu mbili, halafu kichwa hicho, kifuani! Usingizi wa pono. Na sigara iko vidoleni inateketea yenyewe, polepole, wala haina haraka.

Dada yake Deolinda, mjane wa miaka sitini na moja, aliishi ghorofa ya chini ya nyumba hiyohiyo, na ndiye aliyemfulia. Kila akikunjua blanketi la kaka yake anakutana na tundu jipya, ukubwa wa njegere, jeusi pembeni. Alikwisha sema mpaka mate yakamkauka. Alikwisha lia. Alikwisha ficha kibiriti, Horácio akanunua kingine. Alikwisha mwekea ndoo ya maji kando ya kochi, mzee akaitumia kulowekea miguu.

Na nyumba yenyewe ni ya mbao tupu, kuanzia ngazi hadi paa, kama nyumba zote za Fall River zilizojengewa wafanyakazi wa viwanda vya pamba. Ghorofa ya kati walikaa wapangaji, mke na mume na kichanga chao. Kila usiku Deolinda alilala sikio moja liko juu. Akisikia mbao zikilia, anakurupuka na kunusa hewa. Hakuwa akiogopa kitu cha kufikirika. Ng'ambo ya barabara palikuwa na kiwanja kitupu chenye theluji, na pale ndipo ilipokuwa nyumba ya Zulmira na mumewe Evaristo. Evaristo alilala na sigara, godoro likashika moto, akafia humo, na Zulmira siku hizi alikuwa akikaa kwa mdogo wake, nyumba inayofuata, dirisha lake likitazama hayo majivu.

Basi sheria mpya ya sigara ilipoanza mwaka mpya, Deolinda alicheza ngoma jikoni peke yake. Sigara zote zinazouzwa dukani Massachusetts, ilisema redio, kwa amri ya serikali ya jimbo huko Boston, sasa lazima ziwe za kujizima. Karatasi yake imetiwa mikanda minene, moto ukifika pale na hakuna anayevuta, unakosa hewa, unakufa. Deolinda alipanda ngazi mbio na goti lake bovu, akamkumbatia kaka yake kwa nguvu.

"Una nini wewe?" Horácio akauliza. "Nani kafa?"

"Hajafa mtu, kaka! Ndiyo habari yenyewe, hatafa mtu!"

Horácio hakuona cha kushangilia. Wala wenzake hawakukiona.

Wenzake hao walikutana kila siku mchana kwenye gereji ya Armindo, wazee watupu waliomaliza kazi viwandani, wakacheza karata katikati ya mapipa ya divai. Na uchezaji wao ulikuwa na mtindo wake. Zamu yako ikifika unaiweka sigara ukingoni mwa meza, kichwa cha moto kikining'inia nje, unagawa karata, unatukana, unapiga turufu, kisha unaiokota sigara yako na kuendelea. Ukingo wa meza ile ulikuwa umeungua wote, miaka na miaka. Sasa tangu mwaka mpya mtu akiiokota sigara yake, imezima. Anawasha. Anaweka. Imezima! Mchezo mmoja ulikuwa unamaliza kibiriti kizima, na matusi yaliyotoka mle ndani, padri angeyasikia angerudi kwao Ureno, visiwani Azori, kwa miguu.

"Wametia gundi ya mazulia," alisema Gilberto, aliyekuwa na jibu la kila kitu. "Nimeambiwa na mtu anayejua. Gundi ya mazulia ndani ya karatasi!"

"Mimi kichwa kinaniuma tangu Januari," akasema Armindo.

"Kichwa si kitu," akasema Horácio. "Ladha! Hamuisikii ladha? Shaba tupu. Kama umelamba bomba la maji. Nikiivuta moja ulimi unakufa mpaka kesho."

Basi ikawa ndiyo wimbo. Horácio na shaba yake asubuhi, Horácio na shaba yake jioni. Deolinda akimletea supu ya kabeji na soseji, anaisukuma kando, eti shaba imemharibia mdomo. Deolinda alimvumilia. Alijisemea moyoni, alalamike apendavyo, mradi mimi nalala. Na kweli, majuma ya mwanzo aliyakuta mablanketi hayana tundu, akalala usingizi wa mtoto mchanga.

Kisha Februari, akifua, akakunjua blanketi. Tundu. Jipya, jeusi, bado lina harufu.

Deolinda alikaa juu ya kikapu cha nguo. Kisha akapanda juu, Horácio yuko gerejini, akafungua kabati. Chini ya sweta za mzee palikuwa na katoni nzima ya sigara, yenye muhuri wa kodi wa Rhode Island, jimbo la jirani.

Hapo ndipo alipoelewa, na hasira ilimpanda hadi utosini. Horácio hakuwa akiendesha gari tena kwa sababu ya mtoto wa jicho. Kila Jumamosi, tangu mwisho wa Januari, alikuwa akimbembeleza dada yake ampeleke Tiverton, ng'ambo tu ya mpaka, eti kule samaki ni wabichi zaidi. Deolinda anangoja kwenye gari na redio yake, mzee anarudi na samaki kwenye mfuko wa karatasi, mfuko mnene! Rhode Island sheria ilikuwa haijaanza. Huko sigara zilikuwa ghali zaidi, lakini zilikuwa za zamani, za kuwaka mpaka mwisho. Kwa hiyo yeye mwenyewe Deolinda, kwa gari lake na petroli yake, ndiye aliyekuwa akiuleta moto ndani ya nyumba.

Hakungoja jioni. Alivaa koti juu ya aproni, katoni kwapani, akavuka hadi gereji ya Armindo na kuusukuma mlango. Wanawake hawakuwa na desturi ya kuingia mle. Wazee wakabaki na karata mkononi.

"Samaki wako huyu hapa," akasema, akaitupa katoni juu ya meza. "Mbichi kabisa."

Gilberto akaanza kucheka, alipoona uso wake akanyamaza.

"Dada, tutaongea nyumbani," akasema Horácio kwa sauti ndogo.

"Nyumbani utaniambia habari za shaba. Sema hapa, mbele ya wenzako. Kwa nini umenifanya mjinga?"

"Sikukufanya mjinga. Lakini zile nyingine siziwezi, Deolinda! Si sigara zile, ni sumu. Ulimi wangu siyo wa kudanganywa na watu wa Boston. Mimi nikifumbwa macho usiku wa manane, ukiniwekea hii na hii, nakuambia ipi ni ipi kwa pafu moja."

"Kwa pafu moja?"

"Moja!"

"Haya. Weka mkono kwenye karata."

Wazee wakaweka karata zao mezani. Maana katika gereji ile kulikuwa na sheria moja iliyokuwa kubwa kuliko zote za Boston. Neno alilolitoa mtu huku mkono wake uko juu ya karata halirudishwi. Armindo alikuwa amewahi kunyoa masharubu aliyoyafuga tangu kijana, kwa sababu tu alisema timu fulani itashinda na mkono wake ulikuwa pale. Mkewe alilia kwa kutomtambua. Hakuna aliyewahi kukiuka.

"Ukizitambua," akasema Deolinda, "nitakupeleka Tiverton kila Jumamosi mpaka nife, na sitafungua mdomo tena. Usipozitambua, ndani ya nyumba yetu hutawasha tena sigara isiyojizima. Hata moja. Hata siku ya mazishi yangu."

Horácio alimtazama. Alikuwa mbishi, lakini mwoga hakuwa. Akaweka kiganja chake juu ya karata, pa! "Jumapili," akasema. "Na ulete malasada, maana nitataka kitu kitamu cha kusherehekea."

Jumapili hiyo ilikuwa ya mwisho kabla ya Kwaresima, na Deolinda alikaanga malasada, maandazi ya kwao, beseni zima, akazinyunyizia sukari zikiwa moto.  Ikiwa kaka yake ana ulimi kama anavyodai, basi amekwisha. Atampeleka Tiverton kwa mikono yake mwenyewe, kila juma, mpaka siku moja aamke na kunusa kile alichokinusa Zulmira. Neno alikwisha litoa. Alijilaumu, akajitukana, kisha akavaa aproni safi. Mfuko wa kushoto akatia pakiti ya duka la pale kona. Mfuko wa kulia akatia ile ya Tiverton. Chapa moja, rangi moja. Katoni yenyewe akaibeba kwapani.

Njiani akapita kumchukua Zulmira, awe mwamuzi. Zulmira alikuwa hajatoka nyumbani kwenda popote isipokuwa kanisani kwa muda mrefu. Alisikiliza habari za mfuko wa kushoto na wa kulia, akachukua koti lake.

Walipoingia gerejini, wazee wakasimama wote. Gilberto alificha sigara yake nyuma ya mgongo kama mtoto wa shule. Zulmira alikaa kwenye kiti mbele ya Horácio, mikono mapajani.

Deolinda alimfunga kaka yake macho kwa taulo ya vyombo, akalikaza fundo.

"Unanikaba!"

"Bado. Kaa vizuri." Akamwambia Zulmira kwa sauti ya wote kusikia, "Ziko tatu. Nitakupa mimi, utamwashia wewe, naye atasema."

Alikuwa amepanga kwa haki kabisa, moja ya Tiverton, moja ya kona, tena moja ya Tiverton. Akaanza na mfuko wa kulia. Zulmira akaipokea, akaigeuza kichungi mbele, akaitia mdomoni mwa Horácio na kuiwasha. 

Horácio akavuta. Akaiweka pumzi kifuani, kichwa akakiinamisha upande kama anayeonja divai. 

"Pfu!" akatema. "Shaba! Shaba hiyo, toeni upesi! Mnataka kuniua?"

"Unaona!" Gilberto akajipiga paja. "Ulimi huo! Niliwaambia!"

Ilikuwa ya Tiverton, naye Deolinda alijua. Akamtazama Zulmira, na Zulmira akamtazama yeye. Mkono wa Deolinda ulikuwa umekwisha ingia mfuko wa kushoto, kwa ile ya pili. Akautoa mtupu. Zote tatu atampa zake mwenyewe, tuone. Mungu nisamehe, akasema kimoyomoyo, akauingiza tena mfuko wa kulia.

Horácio akavuta ya pili. Uso wote ukamlainika chini ya taulo.

"Aaah. Hii sasa! Hii ndiyo Tiverton yenyewe. Asali, jamani. Mtu mwenye akili anawezaje kuchanganya hii na ile takataka? Niachieni hii nimalize."

"Ya tatu kwanza," akasema Zulmira. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufungua mdomo.

Ya tatu pia ilitoka mfuko wa kulia. Horácio aliivuta kidogo tu, akakunja pua, akakohoa, akaomba maji. "Shaba tena. Mbaya kuliko ya kwanza. Hii wametia na gundi ya Gilberto." Akaivua taulo mwenyewe, anatabasamu mpaka magego. "Haya, dada. Jumamosi saa ngapi?"

 Deolinda alitoa pakiti zote mbili akaziweka mezani, juu ya karata. Ya duka la kona ilikuwa haijafunguliwa, nailoni yake bado inang'aa. Ya Tiverton ilikuwa imepungua tatu.

Walichukua muda kuelewa. Wa kwanza alikuwa Armindo. Akaishika ile isiyofunguliwa, akaipindua, akaichungulia chini, kisha bega lake likaanza kutikisika. Akaangua kicheko mpaka akalazimika kushikilia pipa.

"Zako!" akapiga kelele. "Zote tatu ni zako, Horácio! Umetema Tiverton mara mbili!"

"Haiwezekani," akasema Horácio.

"Nimeziwasha mimi," akasema Zulmira.

"Umenidanganya!" Horácio akamgeukia dada yake, amekuwa mwekundu kama pilipili. "Umeniibia mchezo!"

"Nimekuibia nini? Nimekupa sigara zako mwenyewe! Kama nimedanganya, nimedanganya. Lakini shaba, kaka, hiyo shaba umeitoa wapi?"

Basi hapo gereji ilivunjika. Wazee walicheka, wakapiga meza, karata zikaruka. Gilberto alijitia kutafuta kitu chini ya kiti. Mmoja akauliza kama bomba la maji analolamba Horácio ni la baridi au la moto.  Deolinda alikuwa na hamu ya kucheka nao, lakini alijizuia. Alikuwa akingoja kuuona mkono wa kaka yake.

Horácio aliutazama mkono wake, kisha akamtazama Armindo.

"Mimi nilinyoa masharubu, bwana," akasema Armindo, akijifuta machozi.

Horácio akaweka kiganja juu ya karata, bila kishindo safari hii. "Neno ni neno," akasema. "Lakini malasada zako sizili."

Alikula nne. Wakati huo Zulmira aliichukua ile katoni iliyobaki, akaenda pembeni penye ndoo ya maji ya kupigia deki, akakaa juu ya kreti. Alichana pakiti moja baada ya nyingine na kuzitumbukiza sigara zote ndani, akizikandamiza kwa fimbo ya deki mpaka maji yakawa ya kahawia.  Alipomaliza alisimama, akakung'uta mikono, akala malasada mbili moja juu ya nyingine. Deolinda alikuwa hajamwona akila hivyo tangu msiba.

Horácio alinuna juma zima. Alivuta hizo za kona kwa kelele, ili nyumba yote ijue anavyoteseka. Ungemsikia ngazini, "Imezima! Tena! Nchi gani hii?" Kibiriti kinalia, cha, cha, cha. Mke wa mpangaji wa kati alimwuliza Deolinda kama mzee ni mgonjwa. Deolinda akasema yuko salama kabisa.

Lakini hakuwa na hakika. Neno la gerejini ni neno, sawa, ila mtu akiwa peke yake usiku na kiu yake, nani anamwona? Jumamosi zilipita, hakuna safari ya Tiverton, na bado alilala sikio moja liko juu.

Asubuhi moja ya Machi, theluji ikidondoka kutoka mapaani, alipanda na mkate kumpelekea. Kwenye ngazi akaisikia televisheni ikiongea. Saa hizi? Horácio hakuwa na kawaida ya kuiwasha asubuhi. Akabisha. Kimya. Akabisha kwa ngumi, akaita, "Kaka! Horácio!" Kimya. Mkate ulimponyoka. Ufunguo ulikosa tundu lake mara mbili, na alipoingia alikuwa tayari analia.

Kaka yake alikuwa kwenye kochi, kichwa kifuani, blanketi limemfunika mpaka tumboni. Mkono wa kulia umeanguka. Na pale juu ya blanketi, katikati ya mapaja yake, ilikuwa imelala sigara.

Deolinda aliisogelea akinyata. Ilikuwa nzima karibu yote, imeungua kidogo tu mbele, na hapo ilipofika ilikuwa imekata, nyeusi, baridi. Pembeni yake jivu kidogo. Akaliinua blanketi, akalipapasa juu na chini kwa mikono miwili. Hakuna tundu. Akaweka sikio kwenye kifua cha kaka yake, na Horácio akamkoromea sikioni kama trekta.

"Imezima," akasema Deolinda. Akasema tena kwa sauti kubwa, "Imezima!" Akampiga begani, akamtikisa, akambusu kwenye upara, akampiga tena. "Imezima, Horácio! Imezima!"

Mzee akafungua jicho moja. Aliitazama televisheni, akamtazama dada yake, kisha akaiona ile sigara mapajani mwake. Akaiokota na kuinyanyua juu, amekasirika kweli.

"Sasa ona," akasema. "Ona upuuzi huu! Pafu mbili tu nimevuta jana, pafu mbili, na imezima! Hiki ni kitu cha kumuuzia mtu mzima? Nitawaandikia Boston, haki ya Mungu nitawaandikia!"

Deolinda alikwisha mwacha. Alikuwa dirishani, analisukuma kwa bega kwa sababu baridi ilikuwa imelikamata. Lilipofunguka akatoa kichwa na mikono yote nje, aproni inapepea.

"Zulmira!" akaita. Sauti yake ilivuka barabara, ikavuka kile kiwanja kitupu. "Zulmira weee! Alilala nayo! Alilala nayo mapajani, na imezima!"

Mlango wa nyumba ya mdogo wake Zulmira ukafunguliwa. Zulmira akatoka barazani na gauni la kulalia na viatu vya theluji, mikono mdomoni. Nyuma ya Deolinda, Horácio bado alikuwa akinguruma, shaba, gundi, wezi, watu wa Boston, na sauti yake ilitoka nje kupitia dirishani, kila mtu mtaani akaisikia.

Zulmira akaisikia. Akalisikiliza lile lalamiko kwa muda, machozi yakimtiririka, kisha akainua mikono yote miwili juu ya kichwa.

"Mwache alalamike!" akapiga kelele kwa nguvu zake zote. "Deolinda, mwache alalamike!"